Redio isimtangulie mchumba

*Shangazi, nina miaka 28, nauza mitumba Morogoro. Niko kwenye dawa za VVU mwaka wa tatu, na kipimo cha mwisho kilisema virusi havionekani. Vidonge nimevihamishia kwenye kopo la vitamini ili mchumba asijue. Sasa Konga, mtandao wetu wa wanaoishi na VVU, wameniomba nikajieleze redioni Desemba Mosi, Siku ya UKIMWI Duniani. Natamani, maana nimechoka kujificha. Nianzie wapi?*

Mwanangu, anza na mchumba, tena wiki hii. Akilisikia kwa wateja wako sokoni, hasira yake itakuwa ya kudanganywa, na hiyo ni ngumu kutuliza. Isitoshe, Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inamtaka anayejua hali yake amjulishe mwenza wake mara moja.

Pitia CTC, kliniki unakochukua dawa, uombe karatasi ya majibu ya wingi wa virusi, yenye tarehe. Mwambie mchana, mkiwa wawili, akiwa hajanywa. WhatsApp hapana, ujumbe husambaa. Sema kwa kifupi: "Nina VVU. Nameza dawa kila siku, na virusi havionekani kwenye damu." Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanalia na kuomba radhi mpaka mwenzao anaamini kweli kuna kosa. Akiuliza nani alikuambukiza, si lazima umjibu siku hiyo. Kama amewahi kukunyanyulia mkono, usimwambie nyumbani. Mkae watatu na mshauri nasaha wa CTC.

Kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani haambukizi mwenza wake kwa ngono, huenda asiamini. Mweleze utafiti wa PARTNER, uliofuatilia wapenzi waliokuwa wakilala bila kondomu, mmoja ana VVU, yuko kwenye dawa na virusi vyake viko chini ya 200 kwa mililita. Majibu ya 2016 na ya 2019 hayakukuta hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake huyo. Sharti lake ni kidonge kila siku, bila kuruka.

Naye akapime kituoni, na kama mmelala bila kinga karibuni, arudie baada ya miezi 3. Asikupime wewe kwa kile kipimo cha mate cha kujipima. Mtu aliye kwenye dawa kinaweza kumwonyesha hana, na kuna wanaoacha dawa kwa majibu ya namna hiyo.

Vidonge virudi kwenye kopo lake. Kile kifuko kidogo kilichomo ndani kinanyonya unyevu, na tenofovir, mojawapo ya dawa za VVU zilizo kwenye kidonge, haipatani na unyevu. Kama linakusumbua jina, bandua karatasi ya nje. Na kama hizo vitamini unazimeza kweli, na zina chuma au kalsiamu, zimeze pamoja na dawa wakati wa kula. Tumbo likiwa tupu zinazuia dolutegravir, dawa nyingine iliyo kwenye kidonge, isiingie vizuri mwilini.

Redio sasa. Uliza kipindi ni cha moja kwa moja au kinarekodiwa. Mimi ningechagua cha kurekodiwa, na ningekisikiliza kabla hakijaruka. Uliza pia kama watakiweka mtandaoni na jina na picha, maana kikishafika huko hukirudishi. Mama yako na ndugu unaoishi nao wajue mapema, kwa sababu maswali ya mtaa yatagonga mlango wao. Usimtaje mchumba, wala aliyekuambukiza.

Ukifika Novemba ukajiona bado, wakatalie Konga. Watampata mwingine, na Desemba Mosi inakuja kila mwaka.