Maswali ya gereji: kontrolo amu na bushi za nyuma, ninunue zipi?

SWALI: Fundi habari ya kazi. Nina Subaru Impreza ya 2004, natoka nayo Mukono kwenda Kampala kila siku. Niliiwekea springi fupi ikashuka kama vidole viwili, sasa matairi ya nyuma yanaliwa upande wa ndani na nikiachia mafuta katikati ya kona mkia unatingika, naogopa hasa mvua ikinyesha. Jamaa wa alaimenti amesema kemba ya nyuma ya hii gari hairekebishiki, ninunue kontrolo amu za kurekebisha urefu, vile vyuma vinavyoshika gurudumu chini ya gari. Soko la spea la Kisekka nimeonyeshwa seti nzima nyekundu yenye pilobolu (kiungo cha chuma cha mviringo) kila mwisho, rafiki yangu naye anasema achana nazo weka bushi za poli (polyurethane, plastiki ngumu) kila mahali. Pesa inatosha kitu kimoja tu. Nichukue gani? (Msomaji, Mukono)

JIBU: Ndugu yangu wa Mukono, weka hiyo pesa mfukoni kwanza. Una shida mbili zimekaa pamoja na huyo wa alaimenti amekujibu moja tu.

Tairi kuliwa ndani watu wote wanasingizia kemba, yaani tairi kulala sehemu ya juu ikaingia ndani. Kweli gari ikishushwa kemba inaongezeka, lakini kemba ya hasi digrii moja au moja na nusu gari ya barabarani inaishi nayo tu, tairi linaisha ndani mapema kidogo basi. Mwenye kula tairi haraka ni tou, yaani yale matairi mawili ya nyuma kutoelekea mbele sawasawa, manake tou ikiharibika hata kidogo tairi linaburuzwa kwa ubavu mita kwa mita kutoka Mukono mpaka mjini, alafu kwa sababu kemba imelilaza ndani, ule ukingo wa ndani ndo unaburuzwa peke yake. Sasa uzuri ni kwamba Impreza yako tou ya nyuma inarekebishika tangu kiwandani, kuna bolti yenye kichwa cha yai pale linki ya nyuma, yaani moja ya hizo kontrolo amu, inaposhika chesisi, ukiizungusha tou inabadilika. Kemba ndo haina bolti yake. Kwa hiyo jamaa amesema kweli kuhusu kemba, lakini je tou aligusa? Mwombe karatasi ya vipimo. Kama hana karatasi, tafuta mwenye mashine inayotoa karatasi, na hapo ndo tutajua unapigana na nani.

Mkia kutingika ukiachia mafuta, hiyo mimi naisoma ni bushi, ule mpira wenye bomba ya chuma katikati unaokaa kwenye miisho ya linki. Nyuma ya gari yako kila upande kuna linki mbili zinazokata upana wa gari na moja inayoenda mbele, mafundi wanaiita treling amu. Bushi ya treling amu ikichoka, ukiachia mafuta au ukigusa breki gurudumu linavutwa nyuma kidogo, mpira unakubali, na gurudumu linageuka lenyewe bila wewe kugusa usukani. Ya nyuma yakigeuka kuelekea nje mkia unataka kukupita. Hiyo hata ukaweka amu za bei gani haiponi kama bushi hii imekufa. Na fikiria, gari ya 2004, bushi kama hazijawahi kubadilishwa zina zaidi ya miaka 20, zimekula salamu za mashimo na hampu zote hizo.

Kuzikagua ni rahisi. Gari iingie shimoni ikiwa imesimama kwa matairi yake, fundi achukue mtaimbo asukume kila linki pembeni na mbele na nyuma, wewe uangalie ile bomba ya katikati ya bushi. Nyufa ndogo za juu juu zisikutishe, hizo ni ngozi tu. Kibaya ni mpira umechanika mpaka umeachana na chuma, au bomba ya katikati imekimbilia upande mmoja, au ukisukuma unasikia kok kok.

Tuje kwa mpira, poli na pilobolu, manake hapa ndo watu wanapotezea pesa.

Mpira wa kiwandani umeshikamana na chuma ndani na nje, linki ikipanda na kushuka mpira wenyewe ndo unajisokota, hakuna kitu kinachosugua, kwa hiyo hauhitaji grisi na hauna kelele. Unalegea kidogo kila upande na huo ulegevu waliokuchorea gari waliuhesabu. Poli ni ngumu zaidi, inazunguka juu ya bomba yake kwa kusuguana, inahitaji grisi ya silikoni, na inapenda kuzunguka upande mmoja tu. Kwa linki zinazokata upana poli sio mbaya, gari inakaza vizuri na tou inatulia. Lakini treling amu inapanda huku ikijipinda kidogo, ukiibana na poli ngumu inakataa kupinda, suspension inakuwa nzito na kila shimo linakuja kwa kiti. Kuna wanaouza poli hata za hapo na kuna wanaozipenda, mimi kwa gari ya kupeleka watoto shule treling amu nabaki na mpira.

Pilobolu ni chuma ndani ya chuma, haina ulegevu kabisa. Vijana wakiona gari za Pearl of Africa Rally wanataka hivyo hivyo, wanasahau kwamba gari ya rally inafunguliwa na kukaguliwa baada ya kila mashindano na kitu kilichochoka kinatupwa. Yako nani ataifungua kila wiki? Vumbi la marram likiingia pale kwenye bolu, alafu mvua, linasaga kama msasa, na ikianza kugonga hairudi, unanunua nyingine. Kama lazima uchukue pilobolu basi iwe na buti ya kuziba vumbi, na muuzaji akuonyeshe kwamba ile kichwa peke yake inapatikana, usije ukanunua amu nzima kwa sababu ya kichwa kimoja.

Kwa hiyo mpangilio wangu kwako: pesa hiyo ibadilishe bushi zilizokufa, kuanzia treling amu, alafu alaimenti ya maana, tou ya nyuma ielekee ndani kidogo sana na kulia na kushoto zilingane. Baada ya hapo soma kemba. Ikibaki karibu na digrii moja na nusu, endesha gari yako kwa amani. Ikizidi mbili na tairi bado linaisha, hapo una njia mbili, na ya kwanza hutaipenda: rudisha springi za mwanzo. Haina gharama kama bado unazo, na kwa hampu za kwetu huku tumbo la gari litakushukuru. Ya pili ndo amu za kurekebisha, na hapo kuna kitu wengi wanageuza kichwa chini. Gari zenye amu ya juu, kama Mark X, ukitaka kupunguza kemba hasi unarefusha ile amu ya juu. Impreza yako haina amu ya juu, juu imeshikwa na shokapu, linki ziko chini, kwa hiyo unazifupisha ili mguu wa tairi uingie ndani. Na ufupishe zote mbili za upande mmoja kwa kipimo sawa, ukigusa moja tu umebadilisha tou. Ile bolti ya yai inaweza kufidia kidogo lakini nafasi yake ni finyu, ndo maana kwa gari yako watu wananunua linki zote nne. Treling amu ya kurekebisha kwa kushuka vidole viwili huihitaji, akuuzie mwingine.

Ukifika dukani rangi nyekundu isikwambie kitu, na boksi kuandikwa jina kubwa la Japani pia halithibitishi kitu siku hizi. Shika amu mkononi pamoja na ile ya zamani ulinganishe uzito na unene wa bati. Angalia welding, iwe mfululizo bila matundu. Uzi wa upande mmoja uwe wa kulia na mwingine wa kushoto ili urekebishe bila kuitoa kwenye gari, na kila uzi uwe na nati ya kufungia, na uzi uingie ndani vya kutosha, sio umening'inia kwa mizunguko michache. Kampuni kama Hardrace ya Taiwan wanatengeneza amu za kurekebisha zenye bushi za mpira mgumu badala ya pilobolu, za aina hiyo ndo zinafaa barabara zetu.

Sasa kufunga, na hapa naomba usikilize hata kama hayo mengine umeruka. Bushi ya mpira usikubali ikazwe gari ikiwa juu ya jeki magurudumu yananing'inia. Ukikaza hivyo, umefunga mpira ukiwa katika hali ya kuning'inia, ukishusha gari unabaki umenyongwa kama nguo inayokamuliwa saa 24 hata gari ikiwa imelala nyumbani, unachanika mapema alafu unaanza kusema spea ni feki. Bolti zishikishwe tu, gari ishuke chini kwa matairi yake au iingie shimoni, itikiswe itulie, ndo zikazwe mpaka mwisho kwa spana ya kipimo. Fundi akikuambia ni sawa tu, ssebo (bwana), chukua gari yako uondoke.

Jambo la mwisho, ile bolti ndefu inayopita kwenye habu kushika linki zote mbili inapenda kushikana na kutu, hasa kama gari ilitoka mikoa ya Japani yenye theluji ambako wanamwaga chumvi barabarani. Imwagiwe dawa ya kutu siku moja kabla na ununue bolti mpya mapema, manake ya zamani inaweza kuishia kukatwa. Bushi zitolewe kwa presi, zisichomwe na gesi.

SWALI: Mzee mimi nina Premio ya 2003 ya kuvuta mbele, nataka kontrolo amu za nyuma za kurekebisha kemba, duka gani? (Msomaji, Mbarara)

JIBU: Duka hakuna, kwa sababu na amu hakuna. Premio ya kuvuta mbele nyuma ina mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili, umeshikwa na bushi mbili kubwa basi. Kemba na tou hazina bolti. Kama vipimo vimekataa, kagua hizo bushi mbili, alafu mhimili wenyewe kama haujapinda kwa shimo au ajali. Zile bushi zina upande wake wa kuelekea, fundi aweke alama kabla ya kuzitoa, zikiingia zimegeuka gari itakuwa na mkia wa ajabu.

SWALI: Fundi shikamoo, niliweka bushi za poli na sasa gari inalia kama kitanda cha zamani, jirani ananiambia nipulizie oili chafu. Ni sawa? (Dada wa Jinja)

JIBU: Marahaba dada yangu. Hapana, oili chafu usipulizie kabisa. Poli itanyamaza siku mbili tatu alafu ile oili itafika kwenye bushi zako za mpira zilizo karibu, mpira ukilowa oili unavimba na kuwa laini, utakuwa umeua nzima ili utulize moja inayolia. Kelele hiyo manake grisi imeisha au haikuwekwa siku ya kufunga. Linki ifunguliwe, bushi na bomba zifutwe mchanga wote, zipakwe grisi ya silikoni ile nzito inayonata, sio grisi ya beringi, alafu zirudishwe. Kama bomba ina mikwaruzo badilisha bomba. Na ujue itarudi kulia tena siku moja, mwambie fundi akuonyeshe anavyofanya ili mara ya pili usilipie.