Koilova za bei nafuu kwa WRX: nunua za kushika barabara, usinunue za kulaza gari

Kama uko na Subaru Impreza WRX, Toyota Altezza ama gari yoyote ya spoti hapa Nakuru na unafikiria koilova (shoki na springi zimeungana pamoja, zenye urefu unaweza kubadilisha) za bei ya chini, ushauri wangu mkubwa ni huu: usizinunue ndio gari ilale. Zinunue ndio gari ishike barabara, na ushuke kidogo tu, sentimita mbili hivi, ikizidi sana tatu. Najua picha za gari imelala mpaka tairi zimeingia ndani zinavutia, hata mimi napenda kuziangalia, lakini gari yenye inaenda Salgaa na kurudi na matuta yote ya hiyo barabara haiwezi kuishi hivo.

Tena kushusha sana kunaharibu kitu chenye ulikuwa unatafuta. Impreza za zile bodi za 2000 hadi 2007 ziko na strati za MacPherson mbele na nyuma, yaani shoki yenyewe ndio inashika tairi kwa juu. Chungulia chini uone kontrol am, ule mkono unatoka kwa bodi kwenda kwa tairi. Ukiwa umelala sawa ama unateremka kidogo kuelekea tairi, mko sawa. Ukishusha gari mpaka mkono unaanza kupanda kuelekea tairi, ile senta yenye gari inazungukia ikiwa kwa kona inashuka haraka kuliko venye uzito wa gari umeshuka, na hapo gari inalala upande zaidi, si kidogo, kwa hivyo mtu anaweka springi ngumu zaidi kuficha, alafu anashangaa mbona gari inaruka ruka kwa kona za Subukia badala ya kushika. Hiyo shida haitokani na bei ya koilova, unaeza weka za bei ghali na bado ikupate.

Sasa kwa kununua. Bei ziko mbali sana, zile za China za chini kabisa unapata kwa dola 300 na kitu seti nzima, BC Racing za BR zinapita dola 1,000, na Tein Flex Z iko hapo katikati. Kumbuka boksi ni zito, kilo 20 na kuendelea, kwa hivyo usafiri na ushuru piga hesabu mapema kabla ufurahie bei. Kitu cha kwanza kuangalia ni venye urefu unabadilishwa. Kuna zenye unashusha gari kwa kuteremsha kile kikombe cha springi, na kuna zenye unazungusha mabano ya chini yanayofunga kwa nakoli (kile chuma kinabeba habu ya tairi) huku springi inabaki venye ilikuwa. Tafuta hizi za pili. Zile za kwanza ukishusha sana springi inalegea, na shoki yenyewe inabaki na safari fupi ya kwenda chini, ukigonga shimo inafika mwisho na kupiga bampstopa, ule mpira wa kuzuia mwisho wa shoki. Na hizi za pili pia ziko na mipaka yake, kwa sababu nafasi kati ya tairi na tao la bodi juu yake haiongezeki, ukishusha sana tairi ndio itagonga.

Cha pili ni ugumu wa springi, na hapa ndio watu wengi hawaulizi kabisa. Utaona imeandikwa 8K ama 6K. Hiyo 8K ni kusema inataka kilo 8 ndio ishuke milimita moja. Sasa fikiria tairi imebebeshwa kilo 80 zaidi, springi ya 8K inashuka milimita 10, ya 4K inashuka 20. Kwa lami laini kama ya kwenda Eldama Ravine hiyo 8K ni tamu, nakubali, lakini kwa barabara ya mtaani yenye mawe tairi inaruka hewani, na tairi ikiwa hewani haishiki kitu. Uliza muuzaji kama anaweza kukupatia springi laini, BC wanakubali kuchagua. Mimi niliomba 5 mbele na 4 nyuma kwa WRX yangu na naipenda sana, mgongo wa mama yangu pia umekubali, na yeye ndiye hukaa nyuma tukienda Njoro.

Boksi likifika usikimbilie fundi. Shika kila shoki kabla haijafungwa, weka kliki (hatua za kile kinobu cha ugumu wa shoki) sawa kushoto na kulia, alafu sukuma rodi kwa mkono. Zinafaa kuwa na ugumu sawa. Kwa seti za bei ya chini unaweza kupata moja ni laini na mwenzake ni mgumu, na hiyo ukiifunga gari itavuta ikikanyaga tuta. Rudisha mapema, ikiwa safi bado.

Siku ya kufunga kuwa hapo. Usikubali ile nati ya katikati juu ya rodi ipigwe na mashine ya hewa ya kukaza nati, rodi inazunguka na ndani kunaharibika, ishikwe na spana ya mkono. Breki hozi na waya ya ABS zifungwe kwa mabano yake, alafu gari ikiwa juu ya stendi, tairi zimening'inia, zungusha stering mwisho hadi mwisho uone hozi haivutwi wala haigusi tairi. Bolti za bushi za kontrol am zikazwe tairi zikiwa zimebeba gari, zikikazwa zikiwa zinaning'inia bushi zinakaa zimejipinda na zinakatika mapema. Na tafadhali, hakuna mtu kulala chini ya gari yenye imeshikwa na jeki peke yake.

Bajeti yako iwe na alainimenti ndani yake tangu mwanzo. Ukishusha gari tou (venye tairi zinaangalia ndani ama nje) inasonga na tairi zinaliwa upande wa ndani kabla ujue. Kwa gari ya kila siku kemba hasi (tairi imeinama ndani kwa juu) ya digrii 1 hadi 1.5 na tou karibu sufuri inatosha. Kama stabilaiza linki na bol joint zimechoka, badilisha saa hiyo hiyo, koilova mpya juu ya bushi zilizokufa ni pesa imemwagwa.

Kelele kidogo utaskia, hasa kama maunti za juu ni za chuma na si za mpira, vumbi yetu inazila haraka. Kama hutaki kelele tafuta seti inatumia maunti za mpira za gari yenyewe.

Dampingi, yaani ule ugumu wa shoki wa kliki, anza katikati. Funga mpaka mwisho kwanza alafu hesabu kliki ukirudi, hivo pande zote zinalingana. Endesha njia moja unayoijua vizuri, badilisha kliki chache, mbele peke yake kwanza, alafu nyuma.

Nyuzi za bodi ya koilova zipake grisi ya shaba kabla tope la Molo lizijue. Springi zikishakaa wiki kadhaa, rudi ukaze lokiringi (zile ringi za kufunga urefu) na upime alainimenti tena.