Jibu: Shata ya Pentax K1000 inayokwama kwenye kasi ndogo

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Chake Chake. Umeeleza kuwa Pentax K1000, kamera ya filamu ya marehemu baba yako, hupiga vyema kwenye kasi ya 1/500 ya sekunde, lakini ukiiweka kwenye sekunde 1 shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, hubaki wazi. Betri haihusiki, kwani katika kamera hii huendesha kipima mwanga pekee. Ninachokishuku ni grisi iliyoganda kwenye vigurudumu vinavyochelewesha pazia katika kasi ndogo, jambo la kawaida kwa kamera iliyokaa kabatini miaka mingi.

Kwanza itoe filamu, kisha uvute wenzo wa kusogezea filamu na kubonyeza kitufe cha kupigia mara hamsini hivi kwenye sekunde 1, ukisikiliza kama mlio wa shata unazidi kulainika. Ikiendelea kukwama, itabidi ufungue kifuniko cha chini, na hapo nakusihi utafute bisibisi za kipimo cha Kijapani, kwa sababu bisibisi ya nyota ya kawaida hula vichwa vya skrubu hizo. Tafadhali usipulizie mafuta ya aina yoyote: yatasambaa hadi kwenye pazia, ambalo ni la kitambaa, nalo litaharibika.

Lenzi nayo imulike kwa tochi, maana unyevu wetu wa masika huotesha kuvu baina ya vioo.