Mbegu za ruzuku pekee hazimbakizi mkulima shambani

Umeuliza kwa nini wakulima wanaoanza hupewa mbegu na mbolea za ruzuku, kisha baada ya misimu miwili wanaacha kilimo. Kwa maoni yangu tatizo kubwa liko baada ya mavuno, siyo kabla yake.

Mkulima anayeanza huvuna wakati uleule ambao eneo zima linavuna. Bei iko chini kabisa, lakini ada za watoto na deni la pembejeo havisubiri, kwa hiyo anauza palepale shambani kwa bei ya dalali. Miezi michache baadaye nafaka ileile imepanda bei, na yeye hana hata gunia moja. Hapo ndipo stakabadhi ghalani inaposaidia kweli: anapeleka mzigo kwenye ghala lenye leseni, unapimwa uzito na unyevu (unyevu wa mahindi ukizidi asilimia 13 au 14, ni rahisi yaote ukungu na kuingiwa na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo), anapewa stakabadhi, na benki inaweza kumkopesha kwa dhamana ya mzigo huo bila kudai hati ya ardhi. Vijana na wanawake wengi hawana hati hiyo, na hilo linaniuma sana.

Mkopo nao ufuate msimu. Kumdai marejesho ya kila mwezi mtu anayepata fedha mara moja au mbili kwa mwaka ni kumfilisi. Bwana shamba anahitajika pia, ila afike kabla ya kupanda, na barabara ya kwenda ghalani ipitike hata wakati wa mvua.