Jibu: Kwa nini mgomba wa matoke ni mgumu kuboreshwa kuliko mahindi?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini watafiti wa Kawanda, kituo cha utafiti wa kilimo nchini Uganda, wasichavushe tu migomba ya matoke wapate aina sugu kwa magonjwa, kama inavyofanyika kwa mahindi. Shida iko kwenye kromosomu, yaani nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba sifa za urithi. Mgomba wa matoke una seti tatu za kromosomu 11, jumla 33. Wakati wa kuunda mbegu za uzazi, seti mbili hupatana, ya tatu inakosa mwenza, ndiyo maana ukimenya tooke hukuti mbegu.

Hata hivyo aina chache za matoke huweza kutoa mbegu kidogo zikichavushwa. Mtafiti huchukua chavua ya mgomba pori, mfano Calcutta 4, akaipaka kwa mkono kwenye ua la kike asubuhi. Kisha mkungu ukiiva watu huponda ndizi moja moja wakitafuta mbegu, na wakiipata, kiinitete chake hutolewa na kukuzwa maabara. Kazi ya subira kweli, na naiheshimu sana!

Kwa njia hiyo ilipatikana aina ya matoke iitwayo M9, yaani Kiwangaazi, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2010, inayostahimili sigatoka nyeusi, ugonjwa wa ukungu unaokausha majani ya mgomba. Ukipata machipukizi yake, panda machache kwanza, upike, uonje mwenyewe.