Maswali na Majibu: Torati na Manabii, Viliandikwa na Nani na Lini?

Barua nyingi nilizopokea safari hii zinachanganya mambo matatu ambayo ni lazima yatenganishwe: umri wa tukio, umri wa kitabu kinachosimulia tukio hilo, na umri wa nakala tuliyo nayo mkononi. Naomba msomaji ayashike hayo matatu kabla hajaendelea.

*Mwalimu, shikamoo. Kanisani tumefundishwa kwamba Musa aliandika vitabu vyote vitano vya Torati. Mwanangu amerudi kutoka chuoni anasema si kweli. Nimjibu nini?*

Marahaba. Usimjibu kwanza; keti naye mfungue Kumbukumbu la Torati sura ya 34. Humo Musa anakufa na kuzikwa, kisha tunaambiwa kwamba hapana mtu ajuaye kaburi lake “hata leo”. Hayo ni maneno ya mtu anayetazama nyuma kutoka mbali. Rudini sasa kwenye mstari wa kwanza kabisa wa kitabu hicho: Musa alisema na Israeli “ng’ambo ya Yordani”. Kila aliyekulia karibu na mto anajua kwamba ng’ambo ni upande ule ambao msemaji hayupo. Musa alifia mashariki ya Yordani bila kuvuka, kwa hiyo aliyeiandika sentensi hiyo alikuwa magharibi. Mwanzo 36:31 nayo inaorodhesha wafalme waliotawala Edomu kabla Israeli haijawa na mfalme, jambo ambalo lisingeweza kuandikwa hivyo na mtu asiyejua kwamba Israeli ilikuja kuwa na wafalme.

Hoja hizi si uzushi wa watu wasioamini. Walimu wa Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, walijadili kama mistari minane ya mwisho ya Torati iliandikwa na Yoshua, na Abraham ibn Ezra, mfafanuzi wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliigusia mistari ya namna hii kwa tahadhari kubwa. Julius Wellhausen, mtaalamu wa Biblia wa Kijerumani aliyechapisha kazi yake mashuhuri mwaka 1878, alizipanga hoja zilizokwisha kuzungumzwa muda mrefu. Leo wataalamu wengi wanakubali kwamba Torati ilikusanywa kutoka katika mapokeo kadhaa na kupata sura yake ya mwisho baada ya uhamisho wa Babeli, ingawa bado wanabishana vikali kuhusu idadi ya mapokeo hayo na tarehe zake.

Mwambie mwanao nawe usikilize: kitabu kukusanywa baadaye hakumaanishi kwamba kila kilichomo kilitungwa siku ya kukusanywa. Na tafadhali usimwambie amepoteza imani kwa sababu tu amesoma mstari ambao wewe uliupita.

*Je, ni kweli Biblia ilitungwa na Warumi katika Mtaguso wa Nikea mwaka 325?*

Si kweli. Kanuni 20 za mtaguso huo zipo na zinasomeka, na hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno; anayesambaza ujumbe huo kwenye simu azisome kanuni hizo kwanza.

*Zaburi zote ni za Daudi?*

Hapana. Zaburi ya 137 inalia kando ya mito ya Babeli, karne nyingi baada ya Daudi, na Zaburi ya 90 yenyewe imeandikiwa jina la Musa.

*Mhubiri mmoja alisema magombo ya Bahari ya Chumvi yamethibitisha kwamba nabii Isaya aliandika sura zote 66. Je, ni sahihi?*

Hapa ndipo umri wa nakala unapofanywa kuwa umri wa kitabu. Gombo kubwa la Isaya lilipatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1947. Lina urefu wa zaidi ya mita 7 na safu 54, na lilinakiliwa katika karne ya 2 KK. Ni kweli kwamba sura ya 40, ambapo wataalamu wengi huona mwandishi mwingine wa baadaye akianza, inaanzia kwenye mstari wa chini kabisa wa safu ya 32, bila ukurasa mpya wala kichwa kipya. Lakini Isaya mwana wa Amozi alihubiri katika karne ya 8 KK. Gombo linaonyesha kwamba kufikia wakati wa mnakili wake kitabu kilikuwa kimoja. Kuhusu miaka zaidi ya 500 iliyotangulia halisemi neno.

Sababu za kuzitenga sura za 40 na kuendelea zimo katika maneno yenyewe. Yerusalemu ni magofu, wasikilizaji wako Babeli, na Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyeitwaa Babeli mwaka 539 KK, anatajwa kwa jina katika 44:28 na 45:1 kama mtu ambaye tayari wanamsikia. Anayeamini kwamba Isaya alifunuliwa jina hilo zaidi ya karne moja kabla, na aamini. Ila aseme kwamba ni imani yake, asilisingizie gombo.

Laiti mhubiri huyo angelitazama gombo kwa karibu, angeona jambo la kugusa moyo. Katika 40:7-8 maneno “majani yakauka, ua lanyauka” yanatokea mara mbili, na jicho la mnakili likaruka kutoka la kwanza hadi la pili. Mkono mwingine ukayarudisha maneno yaliyoachwa juu ya mstari, ukateremka nayo pembeni, na mahali pa Jina la Mungu ukaweka nukta nne badala ya herufi zake nne.

*Ni maandishi gani ya kale kuliko yote yenye maneno ya Biblia? Na je, yanathibitisha kwamba Musa aliandika kitabu cha Hesabu?*

Ni vibamba viwili vya fedha vilivyokunjwa kama hirizi, vilivyopatikana mwaka 1979 katika kaburi la Ketef Hinnom, Yerusalemu, katika uchimbaji wa Gabriel Barkay. Kile kikubwa kikikunjuliwa hakifiki sentimita 10. Vimechorwa kwa herufi nyembamba mno maneno ya ile baraka ya Hesabu 6, “Bwana akubarikie, na kukulinda”, na wataalamu wengi wanavipa tarehe ya mwisho wa karne ya 7 au mwanzo wa karne ya 6 KK. Vinathibitisha kwamba baraka hiyo ilikuwa ikitumika Yerusalemu wakati huo. Havithibitishi kwamba kitabu kizima cha Hesabu kilikuwa kimekwisha kuandikwa, wala havimtaji Musa.