Barua kwa mwanangu: Datsun ya marehemu na karatasi zake

Mwanangu Mwanaisha,

Ama baada ya salamu, sisi huku Mombasa hatujambo, mvua tu ndiyo imetukalia. Mamako anakusalimu sana, na amenikataza nisikutie wazimu wa magari zaidi ya huo ulio nao tayari. Samahani nimekawia. Swali lako si la kujibiwa kwa ujumbe wa simu, ndipo nikangoja nipate utulivu wa baada ya alasiri, nikae barazani na miwani yangu.

Umeniandikia kwamba jirani yako mzee hapo Sacramento, California, amefariki wiki tatu zilizopita, na mjane wake ana Datsun 240Z ya 1972, rangi ya chungwa, imelala gereji tangu 1994. Anataka dola 9,000. Taito, ile hati ya umiliki wa gari, unadhani imeandikwa jina la mumewe peke yake, ila ulivyomsikia mjane huenda na jina lake limo, na chini yake kuna jina la benki. Kuna mtu mwingine analimezea mate gari hilo. Wauliza: "Baba, nimlipe sasa, kisha nikaliandikishe DMV polepole?"

Usimlipe sasa.

Na si kwamba gari ni baya. Pasaka ya 1973 nilikuwa mtoto wa miaka kumi, sikio kwenye redio ya Sauti ya Kenya, nikisikia Shekhar Mehta akishinda Safari Rally na 240Z baada ya kufungana pointi na dereva Källström, naye akiwa ndani ya Datsun vilevile. Miaka miwili kabla yake Edgar Herrmann alishinda na gari la aina hiyohiyo. Kwa hiyo usidhani nakuonea wivu. (Nakuonea kidogo.)

Lakini elewa jambo moja kuhusu DMV, hiyo ofisi ya magari ya jimbo. Injini ikiunguruma vizuri, au rangi ikiwa ile ya kiwandani, wao haiwahusu. Wao huandikisha namba moja na mlolongo wa majina: nani alikuwa nalo, akampa nani, kwa saini ipi. Namba na majina vikikubaliana, utatoka pale kabla ya chakula cha mchana. Visipokubaliana, hata uwaletee gari linalong'aa kama kioo watakurudisha nyumbani nalo.

Nilijifunza hayo kwa gharama yangu. Mwaka 1996, wewe hujaota meno, nilinunua Volkswagen ya kobe ya 1967 kutoka kwa mtu wa Reno, kule Nevada. Dola 800. Taito ya Nevada ilikuwa safi, nami nikaikunja mfukoni nikaliendesha mpaka Oakland, huko California, nikiimba. Gari likitoka jimbo jingine, California wanataka mtu alikague namba kwa macho. Nikalipeleka. Mkaguzi, bwana mmoja mnene mwenye tochi ndogo, hakuangalia kitu kingine chochote. Alifungua mlango, akainua kiti cha nyuma, akapangusa vumbi kwa kidole kwenye ule mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu. Namba ya Volkswagen hizo imegongwa pale. Ya 1967 huanza na 117: hizo 11 ni aina ya gari, 7 ni mwaka, na jumla yake ni tarakimu tisa. Yeye akasoma tarakimu kumi, na mwanzo wake 110. Hiyo ni ya 1970. Akazima tochi akaniuliza, "Gari lako ni lipi kati ya haya mawili?"

Kumbe sakafu ya zamani ilioza kutu, aliyeniuzia akaitupa, akaweka bodi ya 1967 juu ya sakafu ya gari jingine. Kwa fundi hilo ni jambo la kawaida, bolti chache na gundi ya mpira. Kwa serikali nilikuwa nimeleta gari lisilojulikana lenye karatasi za gari lisilokuwepo. Nikatumwa kwa polisi wa barabara kuu wakalichunguze kama ni la wizi. Nikarudi Reno mara mbili kumtafuta aliyemuuzia muuzaji wangu ile sakafu, na kwa bahati mzee wa watu alikuwa bado na taito yake ndani ya droo ya jikoni, chini ya vijiko. Ilinichukua miezi minane. Mamako hakunisemesha karibu yote minane.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kwenda na kitambaa, mafuta ya taa kidogo na simu yenye kamera. Datsun hiyo ni ya kabla ya 1981, yaani kabla namba za magari hazijapangwa zote kuwa na herufi na tarakimu 17, basi usishangae ikiwa fupi. Yako itaanza na HLS30, kisha tarakimu. Itafute mahali patatu. Pa kwanza ni kibao kidogo juu ya dashibodi upande wa dereva, kinachoonekana kwa nje kupitia kioo cha mbele. Pa pili ni kibati ndani ya chumba cha injini, ambacho pia kina namba ya injini, inayoanza na L24. Pa tatu ndipo penye uzito: namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, ule ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva. Pengine utaikuta imefunikwa na grisi ya miaka thelathini. Ifute kwa kitambaa. Usitie msasa wala brashi ya waya, maana namba iliyokwaruzwa inamtia mkaguzi mashaka kuliko namba chafu. Na kibao cha dashibodi usikiguse kabisa, hata ribiti ikiwa imelegea. Kuchezea namba ya gari ni kosa la jinai.

Zote tatu zilingane na taito, herufi kwa herufi. Angalia hasa sifuri na herufi O, maana makarani wa mashine za chapa walikuwa wakizichanganya. Namba ya injini ikitofautiana na kibati, hilo si la kukukosesha usingizi wala la kukufukuza DMV. Ni la kukupa nafasi ya kupunguza bei, kwa sababu wapenda magari ya kale hulipia injini ya asili.

Sasa tuje kwa marehemu.

Chukua ile taito, ambayo wazee wa huko bado wanaiita pinki slipu ingawa rangi ya waridi ilikwisha zamani, na usome mstari wa mwenye gari. Kama kuna majina mawili, baba na mama, kati yao kuna neno limepigwa chapa. Likiwa OR, yaani "au", mjane anaweza kutia saini peke yake na mambo yakaisha. Likiwa AND, yaani "na", au jina likiwa la mumewe tu, basi mnaingia kwenye mirathi. Hapo California ina njia fupi kwa familia isiyofungua kesi mahakamani: fomu iitwayo REG 5, ambayo mrithi huapa kwamba mali hiyo ni haki yake. Huambatanishwa na cheti cha kifo. Kwenye taito mrithi huandika jina la marehemu, kisha hutia saini yake mwenyewe pembeni.

Lakini REG 5 haikubaliwi mpaka zipite siku arobaini tangu mtu afariki. Nilipolisoma sharti hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Waliolitunga hawajawahi kula pilau ya arobaini ya mtu, na wamefika palepale. Wewe uko wiki ya tatu. Hata ukilipa leo, isipokuwa taito iwe na lile neno OR, mama huyo hana saini halali ya kukupa.

Umuulize pia, kwa adabu, kama mzee aliacha wosia uliopelekwa mahakamani, au kama waliweka mali zao ndani ya amana ya familia, yaani trust, maana Wakalifornia wengi hufanya hivyo. Ikiwa ndivyo, anayetia saini ni msimamizi wa mirathi au wa amana hiyo na REG 5 haina kazi. Uulize na watoto. Usije ukatia saini Jumatatu, Jumanne mwana wa kiume akatokea kutoka Texas akisema baba alimwahidi yeye.

Na huyo mnunuzi mwingine naye atagonga ukuta uleule. Andikianeni karatasi fupi na mama, kwamba ameahidi kukuuzia kwa dola 9,000 siku zikitimia, umwachie kitu kidogo cha kufungia ahadi, akupe risiti, na gari libaki gereji kwake. Kisha umsaidie kujaza hizo fomu. Nenda na sufuria ya chakula, usiende na mkoba wa pesa. Amefiwa, mwanangu, na watu wanaomgongea mlango sasa hivi wengi wanatafuta kitu.

Jina la benki ndilo linalonitia wasiwasi kidogo. Taito ya California ina mstari wa mwenye gari, na chini yake mstari wa anayelidai. Huenda mzee alimaliza mkopo 1976 na karatasi ya kumfungua ikapotea. DMV hawatakubali neno la mtu, watataka benki yenyewe iseme kwa maandishi kwamba haimdai, saini ikishuhudiwa na notari. Kama benki ilimezwa na nyingine, mrithi wake ndiye wa kumwandikia. Kama ilifilisika na kufungwa, FDIC, lile shirika la serikali kuu la bima ya amana za benki, lina utaratibu wa kutoa barua hizo. Hilo huchukua wiki kadhaa, na uzuri ni kwamba unazo. Lianze leo, wakati siku arobaini zinajihesabu zenyewe. Lakini kwanza mwambie mama apekue makaratasi ya mumewe. Watu wa kizazi kile hawakutupa risiti.

Hayo yakikamilika, siku ya DMV yenyewe ni nyepesi. Gari lililokaa tangu 1994 huenda limeshafutwa kwenye kompyuta yao. Basi utajaza REG 343, ambayo ni maombi mapya, na mtu mwenye idhini atajaza REG 31 baada ya kuikagua namba. Wapo wakaguzi binafsi wenye leseni wanaokuja mpaka nyumbani, uwalipe chochote wanachotaka, maana kuliburuta gari lisilo na breki ni ghali zaidi. Ukilazimika kulipeleka, omba kibali cha siku moja cha kulihamisha, ni bure. Kipimo cha moshi hakikuhusu: magari ya petroli ya 1975 kurudi nyuma yamesamehewa. Kuandika maili nako umesamehewa kwa umri wa gari. Ukishachukua saini una siku kumi za kupeleka uhamisho, usizilalie.

Pesa: ada ya kuhamisha umiliki ni dola 15, hiyo ni ya chai. Linalouma ni kodi, inayohesabiwa juu ya bei uliyonunulia. Kiwango cha chini cha jimbo ni asilimia 7.25, kwa hiyo 9,000 yako inazaa dola 652.50 hata kabla wilaya na mji hawajaongeza chao. Utakutana na mjanja atakayekwambia uandike bei ya dola 500, au uite zawadi. Karatasi hizo unazitia saini chini ya kiapo, Mwanaisha. Kuhusu ada za miaka ya nyuma, eleza ukweli kwa maandishi: faini zilizojaa kabla hujanunua, nawe hukujua, wanaweza kukusamehe, ingawa ada yenyewe wanaweza kuidai.

Mwingine atakwambia habari za Vermont, kwamba unatuma fomu kwa posta na wanakuandikishia gari la zamani lisilo na taito. Ilikuwa kweli, na wengi walipita humo. Mlango ule ulifungwa 2023 kwa wasiokaa kule. Na wewe taito unayo, waenda Vermont kufanya nini?

Vibao vya namba, kama bado ni vile vya buluu na maandishi ya manjano vya zama zake, vishikilie kwa meno. Gari likiwa limefutwa, uliza mpango wa kutumia vibao vya mwaka wa utengenezaji kabla hujavikabidhi kwa mtu yeyote kaunta. Zile namba maalumu za magari ya kihistoria usizichukue, hata karani akikusifia unafuu wake. Hizo ni za maonyesho, maandamano na shughuli za klabu, nami nakujua, utataka kwenda nalo kazini Ijumaa.

Kwa leo nitumie picha mbili tu: ule mstari wa majina kwenye taito, na namba ya kwenye ukuta wa injini ukishaifuta. Ya gari zima usinitumie bado, mamako huwa anachungulia simu yangu.

Babako